Golikipa aliyeuza miguu yake: kisa cha Arthur Wharton (1865–1930)

Jina la Arthur Wharton likitajwa leo, hufuatwa papo hapo na sifa moja: mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa katika soka ya Uingereza. Sifa hiyo ina mjadala wake, kwa kuwa Andrew Watson, mzaliwa wa Demerara aliyeiongoza Scotland akiwa nahodha mwaka 1881, alimtangulia uwanjani, na wapo wanahistoria wanaodai kwamba Watson alilipwa alipoichezea Bootle mwaka 1887. Uchambuzi huu hautaingia katika ugomvi huo wa nani alitangulia. Ninachokitaka ni kulirudia neno ambalo wasomaji wengi hulipita haraka wanaposoma sifa hiyo, yaani neno "kulipwa". Rangi ya Wharton imeandikwa sana, tena kwa haki, lakini kazi yake imeandikwa kidogo. Alikuwa mtu wa kazi aliyeishi kwa kuuza mwili wake katika masoko matatu kwa zamu: mbio, soka na baa, na mwili ulipochoka akauza nguvu zilizobaki katika mgodi wa makaa ya mawe. Mtu akizifuata hatua zake kwa jicho hilo, maamuzi ambayo leo yanaonekana kuwa ya kijinga huanza kueleweka, hasa ule wa mwaka 1888, ambao ndio kiini cha kisa hiki.

Wharton alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 katika mtaa wa Jamestown, Accra, katika koloni la Gold Coast ambalo leo ni Ghana. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti kutoka Grenada, mwenye damu ya Kiafrika na ya Kiskoti. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante, na yeye pia baba yake alikuwa mfanyabiashara Mskoti. Kwa hiyo hatuzungumzii kijana aliyeokotwa bandarini. Nyumba aliyotoka ilikuwa ya watu waliosoma, wenye jina na wenye matarajio. Alipopelekwa Uingereza kusoma, kwanza Cannock huko Staffordshire mwaka 1882, kisha katika Cleveland College mjini Darlington mwaka 1884, lengo la safari lilikuwa lile lile lililomwongoza baba yake, yaani kuwa mhubiri au mwalimu wa misheni na kurudi Afrika Magharibi akiwa na cheti mkononi.

Darlington ndiko alikobadilika. Alianza kuidakia timu ya mji huo, akakimbia kwenye mashindano ya wilaya, akacheza kriketi, akaendesha baiskeli, na masomo yakawa yanabaki nyuma yake kama wakimbiaji wengine walivyokuwa wakibaki. Tusimwonee kwa hilo. Uingereza ya kaskazini katika miaka hiyo ilikuwa imepata kitu kipya: wafanyakazi wa viwandani walikuwa na mapumziko ya Jumamosi alasiri, reli ziliwasafirisha kwa nauli ndogo, na viwanja vilianza kutoza kiingilio. Penye kiingilio pana pesa, na penye pesa kijana mwenye kipaji huanza kupiga hesabu tofauti na za wazazi wake.

Tarehe 3 Julai 1886 alikwenda London kushindana katika ubingwa wa riadha wa chama cha wanariadha wa ridhaa, kwenye uwanja wa Stamford Bridge. Wapenzi wa Chelsea waliojaa Afrika Mashariki yote wajue kwamba uwanja huo ulikuwa wa riadha kabla klabu yao haijazaliwa. Chelsea ilianzishwa mwaka 1905. Hapo Wharton alikimbia yadi 100, yaani mita 91 na kitu, kwa sekunde 10 kamili katika mchujo, kisha akarudia muda huo huo katika fainali. Saa za kupimia zilibonyezwa kwa kidole, na njia ya kukimbilia haikuwa na chochote cha kumsaidia mkimbiaji, lakini hakuna aliyekuwa ameufikia muda huo katika mashindano hayo kabla yake. Mwaka uliofuata akautetea ubingwa wake. Kwa miezi kadhaa, basi, mtu aliyetambuliwa rasmi kuwa mwenye kasi kuliko wote Uingereza alikuwa kijana mwanafunzi kutoka Accra, ambaye siku za Jumamosi wakati wa baridi alisimama golini, mahali pasipohitaji kasi hiyo hata kidogo.

Hapa lazima nieleze kwa kirefu kidogo maana ya "ridhaa", kwa sababu bila neno hilo kisa hakisomeki. Mchezaji wa ridhaa ni yule asiyepokea fedha kwa mchezo wake. Katika riadha ya Kiingereza ya wakati ule mpaka huo ulikuwa mkali, na chini yake kulikuwa na tabaka: vyama vya mwanzo vya riadha viliwahi kuwafungia mlango mafundi na vibarua kwa jina la kazi zao, kwa madai kwamba mtu anayetumia mwili kupata riziki ana faida isiyo halali juu ya muungwana anayekaa ofisini. Chama kilichoanzishwa mwaka 1880 kiliondoa kifungu hicho cha tabaka, lakini kikabaki na kifungu cha fedha. Aliyekimbia kwa ajili ya pesa alitoka katika ubingwa wa ridhaa, na mlango ulifungwa nyuma yake. Bingwa wa Stamford Bridge aliondoka na kombe na heshima, lakini kombe halilipi kodi ya nyumba.

Soka ilikuwa imechukua njia nyingine. Mwaka 1884 klabu ya Preston North End ilitolewa katika Kombe la FA baada ya Upton Park ya London kulalamika kwamba ilikuwa ikilipa wachezaji. Kiongozi wake, Major William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba, alikiri waziwazi badala ya kuficha kama wenzake. Ubishi uliofuata ulikaribia kukigawa chama cha soka vipande viwili, na tarehe 20 Julai 1885 malipo yakaruhusiwa kwa masharti. Sudell akaendelea kukusanya Waskoti wenye kipaji na kuwapa kazi na mishahara mjini Preston. Katika msimu wa 1886–87 akamchukua na Wharton, bingwa wa mbio, ambaye alidaka kama mchezaji wa ridhaa katika timu iliyojaa watu wa kulipwa. Walifika nusu fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 3–1 na West Bromwich Albion mwezi Machi 1887.

Ili kumwelewa kama golikipa, msomaji wa leo aisahau picha anayoijua. Golikipa wa wakati ule aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono katika nusu yote ya uwanja ya upande wake, ruhusa iliyodumu hadi mwaka 1912, lakini hakuruhusiwa kutembea nao. Wala hakulindwa. Washambuliaji waliruhusiwa kumpiga vikumbo hata kama mpira haukuwa mikononi mwake, na mbinu iliyopendwa ilikuwa kumtuma mtu mmoja amkumbe kipa na kumbwaga chini huku mwingine akipiga shuti kwenye goli tupu. Sheria ilianza kumhurumia mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nyavu hazikuwapo hadi mwaka 1891. Katika mazingira hayo, kudaka mpira na kuukumbatia kulikuwa kujitafutia majeraha. Kipa mwenye akili aliupiga ngumi au teke mara tu ulipomfikia.

Wharton alikuwa na ngumi iliyosifika, na waliomwona walisema kwamba haikuwa na macho: ikiukosa mpira ilipata kichwa cha mtu. Lakini kilichowashangaza watazamaji zaidi ni namna alivyosubiri. Badala ya kusimama katikati ya goli, alikuwa akichuchumaa pembeni, karibu na mlingoti, kana kwamba mchezo haumhusu, hadi dakika ya mwisho kabisa ndipo achomoke kama mkimbiaji anayesikia bastola. Nadhani jambo hili linaeleweka kirahisi tukikumbuka kazi yake nyingine. Mtu anayekimbia yadi 100 kwa sekunde 10 anao uhuru wa kuchelewa kuanza. Umbali ambao kipa mwingine anapaswa kuufunika kwa kusimama mahali sahihi, yeye aliufunika kwa mguu. Aliyechuchumaa pembeni alimfanya mpigaji aone goli kubwa lisilo na mtu, apige kwa uvivu, kisha akute mkono.

Si wote waliosoma hivyo. Mwezi Oktoba 1887 mwandishi wa safu katika gazeti la michezo, aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, aliandika kwamba Preston ikimweka Wharton golini katika mechi za kombe nafasi yake ya kushinda itapungua. Kisha, akitumia neno la dharau kwa mtu mweusi, akauliza kama fuvu lake ni zito mno kutambua kwamba baina ya milingoti si mahali pa mizaha. Mwandishi huyo huyo alikiri kwamba wengine waliita mtindo huo utulivu, na akaipuuza hoja yao. Maneno hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa yanaonyesha jinsi ubaguzi ulivyofanya kazi katika taaluma hii. Hakunyimwa nafasi ya kucheza kwa sababu ya rangi. Alichezeshwa, alishangiliwa, alilipiwa kiingilio. Ila kitendo kile kile kilipimwa kwa mizani mbili: kipa mzungu mwenye vituko aliitwa mwenye kipaji, naye akaitwa mwenye fuvu zito. Timu ya taifa haikumwita kamwe.

Sasa tufike mwaka 1888. Hadi hapo Preston ilikuwa imempata James Trainer, Mwelsh aliyechezea taifa lake mechi 20, na pia ilikuwa na Dakta Robert Mills-Roberts, mchezaji wa ridhaa aliyedaka katika fainali za kombe. Wharton aliondoka Preston ili aingie katika mbio za kulipwa. Tarehe 17 Aprili 1888 klabu 12 zilikubaliana mjini Manchester kuanzisha ligi, ya kwanza ya aina yake. Mechi zake za kwanza zilichezwa tarehe 8 Septemba. Preston ilimaliza msimu huo bila kufungwa hata mechi moja, ikashinda 18 na kutoka sare 4, kisha ikachukua Kombe la FA bila kuruhusu bao. Mwezi ule ule wa Septemba, Wharton alikuwa Sheffield, kwenye uwanja wa Queen's Ground, akishinda mbio za fedha.

Kila anayesimulia kisa chake hufika hapa na kutikisa kichwa. Aliacha timu ambayo historia imeipa jina la "wasioshindika", akaenda kukimbia mbele ya wacheza kamari! Mimi naona kwamba huku ni kumhukumu mtu kwa matokeo ambayo hakuna aliyeyajua. Tuweke mezani kile ambacho yeye mwenyewe angeweza kukiona. Ligi ilikuwa jambo la kubahatisha, na lingeweza kufa kabla ya Krismasi. Golini mwa Preston palikuwa na watu wawili, mmoja bora kuliko yeye kwa maoni ya waliokuwa wakichagua timu, na mwingine daktari asiyedai malipo. Elimu ya misheni ilikuwa imekwisha kwenda na maji. Na alikuwa na miaka 22, umri ambao mkimbiaji wa masafa mafupi yuko kileleni, ilhali golikipa bado ana miaka kumi au zaidi mbele yake. Mikono ingesubiri, miguu haingesubiri. Kwa mtu aliyekuwa akihesabu mali aliyonayo na muda wa kuiuza, kuuza miguu kwanza kulikuwa uamuzi wa akili.

Soko alilolichagua lilikuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Sheffield ilikuwa makao makuu ya mbio za kulipwa Uingereza, na mbio hizo zilikuwa za kupeana nafasi: mwenye kasi huanzia nyuma, mnyonge huanzia mbele yake kwa yadi kadhaa alizokadiriwa, ili wote wakaribiane kwenye utepe na waweka dau wapate cha kubishania. Zawadi ya mshindi ilikuwa nzuri, lakini pesa kubwa zaidi ilizunguka katika dau. Mfumo huo una sumu ndani yake. Mkimbiaji asiyejulikana hupewa yadi nyingi. Anayejulikana hubanwa hadi mstari wa mwisho. Kwa hiyo riziki ya mkimbiaji wa kulipwa ilitegemea kuficha uwezo wake, na wengi walikimbia chini ya majina ya bandia. Wharton hakuwa na uwezo wa kujificha. Muda wake wa sekunde 10 ulikuwa umechapishwa magazetini, na hata angebadili jina mara saba, uso wake ungemtaja kabla hajafika mstarini. Hapo ndipo ninapoona kasoro halisi ya uamuzi wa 1888: soko aliloliingia lililipa siri, naye alikuwa mkimbiaji anayetambulika kuliko wote nchini.

Mwaka uliofuata alikuwa amerudi golini, safari hii kwa mkataba wa malipo, na klabu ya Rotherham Town. Miaka ya Rotherham ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote katika maisha yake, ingawa ndiyo inayosimuliwa kwa uchache, labda kwa sababu haina aibu wala kombe kubwa. Mwaka 1890 alimwoa Emma Lister. Timu ilichukua ubingwa wa ligi ya Midland misimu miwili mfululizo, 1891–92 na 1892–93, ikaingizwa mwaka 1893 katika Daraja la Pili la ile ligi iliyoanzishwa mwaka 1888. Wakati huo huo Wharton aliendesha baa, kwanza Albert Tavern mjini Rotherham, baadaye Plough Inn huko Greasbrough.

Baa hizo si jambo la pembeni. Mchezaji wa kulipwa wa zama zile alilipwa vizuri wakati wa msimu, pengine kuliko fundi wa kiwandani, lakini majira ya joto mshahara ulipungua au ulikatwa kabisa, na jeraha moja la goti lingeweza kumaliza kila kitu bila fidia yoyote. Wenye viwanda vya bia waliliona hilo mapema. Jina la mchezaji juu ya mlango lilivuta wateja. Mchezaji naye alipata nyumba ya kuishi na kipato cha mwaka mzima. Ilikuwa biashara ya haki kwa pande zote mbili, kasoro moja tu: ilimweka mtu ambaye riziki yake ni mwili katikati ya mapipa, mbele ya wateja ambao kila mmoja alitaka kusema kwamba amekunywa na Arthur Wharton. Alipofika miaka ya mwisho ya uchezaji, pombe ilikuwa imekwisha kumshika.

Mwaka 1894 Sheffield United ilimsajili, na sehemu ya kivutio ilikuwa baa nyingine, mjini Sheffield. Klabu ilikuwa Daraja la Kwanza, na kwa maandishi hii ilikuwa hatua ya kupanda. Lakini msimu ule ule ilikuwa imemchukua pia kijana wa miaka 20 aitwaye William Foulke, ambaye baadaye alikuja kuwa golikipa mashuhuri kuliko wote wa mwisho wa karne, na mzito kuliko wote. Wharton alikuwa anatimiza miaka 29. Akawa kipa namba mbili katika zama ambazo namba mbili hakuwa na hata benchi la kukalia. Kubadilisha mchezaji katikati ya mechi hakukuruhusiwa katika ligi ya Uingereza hadi mwaka 1965. Kama Foulke hakuumwa, Wharton hakuwa na kazi siku hiyo.

Mechi yake ya pekee ya Daraja la Kwanza ilikuwa dhidi ya Sunderland, tarehe 23 Februari 1895. Sunderland ndiyo iliyochukua ubingwa msimu huo. Sheffield United ilifungwa 2–0. Kwa mechi hiyo moja, Wharton akawa mchezaji wa kwanza mweusi kucheza katika ngazi ya juu kabisa ya ligi, jambo ambalo hakuna mtu uwanjani siku hiyo aliyeliona kuwa la kuhesabiwa.

Yaliyofuata naweza kuyapita haraka, kwa kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kushuka. Alirudi Rotherham Town, klabu ambayo mwaka 1896 ilitoka katika ligi, akaenda Stalybridge Rovers, kisha Ashton North End, iliyofilisika mwaka 1899, akarudi Stalybridge, akamalizia Stockport County katika Daraja la Pili, msimu wa 1901–02. Wakati mwingine alichezeshwa winga, maana kasi ilikuwa haijamwisha yote. Klabu mbili alizozidakia kwa jasho zilianguka au kudidimia zikiwa mikononi mwake, na mchezaji wa klabu iliyofilisika hupanga foleni pamoja na wadai wengine.

Basi, kwa nini mtu mwenye kasi kuliko wote Uingereza aliishia mgodini? Jibu la kwanza linalotolewa ni rangi, na sina nia ya kulipunguza. Rangi ilimnyima hadhi ambayo uwezo wake ulistahili, ilimfanya alengwe na kalamu za dharau, na ilimzuia asiweze hata kufanya udanganyifu mdogo ambao wakimbiaji wenzake waliufanya kila wiki. Vilevile ilifunga njia ambazo mchezaji mzungu aliyestaafu angeweza kuziomba, kama vile ukarani wa klabu au kazi ya kufundisha timu. Lakini tukisimama hapo tu, tutawaficha wenzake. James Trainer, yule aliyeshika nafasi ya goli la Preston, alikufa London mwaka 1915 katika ufukara. Foulke alikufa mwaka 1916 akiwa na miaka 42. Hata Major Sudell aliyewalipa wote alifungwa miaka mitatu mwaka 1895, baada ya kugunduliwa kwamba fedha za kiwanda cha pamba ndizo zilizokuwa zikiijenga timu yake. Alipotoka gerezani alihamia Afrika Kusini, akafia huko. Chama cha kwanza cha wachezaji kiliundwa mwaka 1898, kikafa ndani ya miaka michache, na mwaka 1901 ligi ilianza kutekeleza kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki, bila kujali kiingilio kilichokusanywa mlangoni. Tangu 1893 klabu za ligi zilikuwa na mamlaka ya kumzuia mchezaji asihame hata baada ya mkataba wake kwisha. Hakukuwa na pensheni wala bima. Kazi hii iliwatumia watu wa rangi zote na kuwaacha pembeni, kisha juu ya hilo Wharton akabeba mzigo wa pili ambao wenzake hawakuubeba. Ninaamini mizigo hiyo miwili haipaswi kuchanganywa kuwa mmoja, kwani kila mmoja ulimwumiza kwa njia yake.

Kuna hoja moja zaidi ya upande wa pili ambayo ni haki niitaje. Mtu anaweza kusema kwamba Wharton alijimaliza mwenyewe: aliacha masomo, akaacha Preston, akanywa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inapima vibaya. Alicheza soka ya kulipwa kwa miaka 13, tena akiwa golikipa katika zama za vikumbo, na akaacha akiwa na miaka 36. Mtu mvivu au mzembe hafiki huko. Wengi wa waliokuwa wazuri kuliko yeye waliondoka uwanjani mapema zaidi, wakichechemea.

Miaka ya mwisho aliishi Edlington, kijiji kilichokua kwa haraka kando ya mgodi wa Yorkshire Main karibu na Doncaster. Kazi yake ilikuwa ya uchukuzi: kuyasogeza matoroli ya makaa chini ya ardhi, kwenye reli nyembamba, gizani, mahali ambapo hata mwenye kasi ya sekunde 10 hutembea ameinama. Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akiwa na miaka 65, baada ya kuugua kwa muda mrefu, akazikwa Edlington katika kaburi lisilo na jiwe. Jiwe liliwekwa mwaka 1997 kwa juhudi za wanaharakati wa Sheffield wanaopinga ubaguzi katika soka. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya watu mashuhuri wa soka ya Uingereza, na mwaka 2014 sanamu yake ya shaba ikasimamishwa St George's Park, kituo cha mazoezi cha timu za taifa ambazo hazikumwita.

Lakini kabla ya jiwe na sanamu kulikuwa na barua. Mwezi Januari 1942, wakati Sheffield ingali na vifusi vya mabomu ya Wajerumani, gazeti la mji huo lilichapisha kumbukumbu ya mtazamaji mmoja wa zamani. Alieleza mechi ya Rotherham na Sheffield Wednesday kwenye uwanja wa Olive Grove. Washambuliaji watatu walimjia Wharton kwa pamoja, kwa nia ile ile ya siku zote ya kumkumba yeye na mpira waingie wote golini. Wharton aliruka, akaushika mtambaa panya kwa mikono miwili, akaning'inia, akaubana mpira katikati ya miguu yake, na wale watatu wakapita chini yake wakaangukia nyavuni. Mwandishi wa barua alisema kwamba ametazama soka kwa zaidi ya miaka 50 na hajaona tena kitu kama kile. Akawataja na washambuliaji wenyewe, mmoja mmoja: Billy Ingham, Clinks Mumford na Micky Bennett.